Sakafu ya Mama Mbuyi

Wiki tatu nzima Muteba alimwomba Mungu akiwa amepiga magoti juu ya mfuniko wa shimo lake. Si kwamba alipachagua. Chumba cha kulala kilikuwa kidogo, kitanda kimekula nusu, na nusu iliyobaki ilikuwa na mbao alizozipigilia yeye mwenyewe na kuzifunika kwa zulia la plastiki lenye maua. Hapo ndipo magoti yake yalipotua kila asubuhi kabla ya kwenda hospitali. Chini ya mbao kulikuwa na mita sita za giza. Mtu mzima, mwashi wa kusifiwa mtaa wote wa Kapata, anapiga magoti juu ya kosa lake mwenyewe na kumwuliza Mungu, "Nimekukosea nini?" Jamani!

Alijua alichokosa. Tusiharakishe kumwonea huruma.

Mkewe Wivine alikuwa amelazwa, mimba ya miezi saba, damu inatoka kidogo kidogo, na daktari amekataza asiinuke hata kwenda msalani. Mimba mbili za kwanza ziliishia miezi hiyohiyo. Vitoto vilitoka vimekufa, vikazikwa bila majina. Hii ya tatu Muteba aliapa haitamponyoka. Alifunga siku tatu kavu, bila hata tone la maji, mpaka akapata kizunguzungu kazini na nusura aanguke kutoka juu ya ukuta. Alikwenda kwa siri kwenye kanisa moja la uamsho kando ya barabara ya lami, akapakwa mafuta kichwani, akaondoka na chupa nzima ya kumpaka Wivine tumboni. Aliacha pombe. Alimrudishia jirani yake Kazadi msumeno aliokaa nao miaka minne, na Kazadi akabaki kinywa wazi, kwa sababu alishasahau kwamba aliwahi kuwa na msumeno. Kila kosa dogo alilolikumbuka Muteba alilifuata mpaka akalikamata shingoni. Lile kubwa alikuwa akilala kando yake kila siku.

Wivine alichoka naye. Alhamisi moja mume alipofungua ile chupa, aliuzuia mkono wake.

"Usiniletee tena mafuta. Enda uambie Mama Mbuyi."

"Ukitoka hapa nitamuambia."

"Na mi nitatoka namna gani? Mungu eko anakungojea kwa mulango ya Mama Mbuyi, we unazunguka nyuma ya nyumba." Akageuza uso ukutani. "Ule mama alinawisha batoto yangu babili mbele ya kubazika. Haukumbuke?"

Muteba alikumbuka vizuri sana. Akafunga chupa, akarudi nyumbani, akapiga magoti palepale.

Nyumba za Kapata zilijengwa zamani na kampuni kwa ajili ya wafanyakazi wake, mbili mbili, ukuta mmoja katikati. Namba kumi na nne ilikuwa ya baba yake Muteba, dereva wa garimoshi la mgodi. Kumi na tano ilikuwa ya mume wa Mama Mbuyi, na wanaume hao wawili walifanya kazi kwenye reli moja, wakastaafu mwaka mmoja, wakafa wakipishana miezi michache. Upande wa kumi na nne akabaki Muteba na mkewe. Upande wa pili akabaki Mama Mbuyi na wajukuu zake wawili wa kike. Ukuta ule ni mwembamba, mtu akipiga chafya upande huu anasikia "pole" kutoka upande ule. Wivine alipoingia Kapata kama bibi harusi, Mama Mbuyi ndiye aliyemwonyesha bomba la maji linalotoa na lile linalodanganya.

Halafu mtu mmoja wa mtaani akawa anachimba choo, akakuta jiwe jeusi la kobalti. Basi! Mji ukapata wazimu. Watu walitoboa sebule zao, wakatoboa jiko, ingawa ofisi ya jiji ilikataza na ilikuwa ikija kukamata. Muteba alikataa mwanzoni. Yeye ni mwashi, alisema, kazi yake ni kusimamisha nyumba. Lakini baada ya kuzika mtoto wa pili alitaka kumpeleka Wivine kwa madaktari wakubwa wa Lubumbashi, na kazi za ujenzi zilikuwa zimekauka. Akatoboa sakafu ya chumba chake, akaita wachimbaji wawili vijana, Papy na Benoît. Walikuwa wanaingia asubuhi, redio inafunguliwa mpaka mwisho ili kufunika sauti ya nondo.

"Tata Muteba," Mama Mbuyi aliuliza siku moja penye uzio, "ile kelele ni ya nini?"

"Natengeneza shimo ya choo, Mama."

"Ndani ya nyumba?"

"Ya kisasa, Mama."

Mama Mbuyi akatikisa kichwa, akarudi kwenye mboga zake. Na shimo la choo la kisasa likaendelea kwenda chini, mpaka wakaukuta mshipa wa madini wenyewe, mnene na mweusi. Sasa, mshipa wa madini hausomi namba za nyumba. Ulikata kona ukaingia chini ya ukuta, ukaelekea upande wa kumi na tano.

"Tunafwata, Tata?" Papy akauliza kutoka chini.

Muteba alikuwa amechuchumaa mdomoni mwa shimo. Alijua sakafu za nyumba hizi, maana alishazivunja na kuzimwaga upya mara nyingi: zege la vidole vinne, bila chuma hata kimoja ndani. Hakuna mtu Kapata aliyejua vizuri kumshinda.

"Fwateni kidogo," akasema.

Kidogo hicho kilichukua miezi minne. Chini ya sebule ya Mama Mbuyi wakafungua chumba ambacho vitanda viwili vingeingia na nafasi ya kupita ikabaki. Siku moja Benoît, akiwa huko, alisikia du, du, du juu ya kichwa chake, na udongo ukamwagikia shingoni. Mama Mbuyi alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Benoît aliweka nondo chini, akapanda kamba, akatoka akiwa ametoa macho.

"Tata, kule juu kuko mama anatwanga sombe. Mi siwezi. Mi niko na mama pia."

Hata viatu vyake hakuvichukua. Wanasema sasa yuko mbali, huko Kisenge.

Kazi ikafa siku ile. Muteba alisimamisha magogo ya mikaratusi kuegemea dari ya udongo, akafunika mdomo wa shimo, akajiambia kwamba yamekwisha. Udongo wa kujazia hakuwa nao. Mwingi ulishapakiwa kwenye lori pamoja na mawe. Halafu mvua za Novemba zikafungua, na wiki ileile Wivine akaanza kutoka damu. Kila asubuhi baada ya sala Muteba alikuwa ananyanyua ubao mmoja na kushusha kamba yenye jiwe. Maji yalikuwa yanapanda. Jumanne ya wiki ya tatu hakuhitaji kamba. Gogo moja la mkaratusi lilikuwa linaelea chini yake, limekuja lenyewe kutoka upande wa Mama Mbuyi.

Akakimbia kwa Padri Mathieu kuungama. Alipiga magoti, akasema amesema uongo, amelewa, amemtamani mke wa mtu mara moja huko Fungurume alipokuwa akijenga ukuta wa soko. Padri akangoja.

"Ni hayo tu, mwanangu?"

"Ni hayo tu, Padri."

Padri akamwondolea yale aliyoyasema. Muteba alitoka kanisani mzito kuliko alivyoingia. Polisi aliwaogopa, ndiyo. Watu wa mtaa aliwaogopa zaidi, kwa maana wangeweza kumfanya chochote. Lakini kilichomfunga mdomo hasa ni uso wa Mama Mbuyi. Hakuweza kuufikiria uso ule ukisikia.

Sasa zamu. Wakatoliki wa mtaa ule wana shirika lao la sala, na kila Alhamisi saa kumi shirika linakaa kwenye nyumba moja, linahama kwa kufuata namba za milango, hakuna anayerukwa. Mama Mbuyi ndiye kiongozi. Jumatano akaja mlangoni kwa Muteba, kanga begani.

"Kesho zamu ni ya kwako, Tata. Nimeita na shirika ya avenyu ingine. Batafika batu makumi ine. Tutapiga magoti sababu ya Wivine mpaka Mungu aseme."

Watu arobaini chumbani kwake, mtu akivuta lile zulia la plastiki na kuona mbao!

"Kwangu haiwezekane, Mama. Nilimwaga simenti, bado haijakauka."

"Haina mambo. Tutakaa kwangu, ni ukuta tu."

Hapo akatambua alichokifanya. Ameokoa mbao zake, na amewapeleka watu arobaini juu ya shimo.

"Hapana, Mama! Tukae inje. Inje kuko hewa."

"Inje na mvua ii? Bamama bazee banyeshewe sababu ya bibi yako?" Mama Mbuyi akacheka, akampiga begani. "Unawaza mingi. Enda ulale kidogo. Sura yako imekuwa ya mugonjwa."

Kesho yake mchana alivuka kwenda kumwambia. Kweli, alivuka na maneno yote mdomoni. Akamkuta Mama Mbuyi amepiga deki sakafu mpaka inang'aa, ameweka kitambaa cheupe mezani na maua kwenye glasi, na wajukuu wanavuta benchi la kanisa linakwama mlangoni.

"Ah, Tata, Mungu amekutuma. Saidia hawa."

Na yeye akasaidia. Mabenchi saba aliyaingiza kwa mikono yake, akayapanga kando ya kuta, mbali na katikati, kana kwamba hiyo ndiyo toba. Alipoinama kuweka la mwisho akaona ufa. Ulianzia ukutani, ukapita chini ya meza. Wiki iliyopita ulikuwa mstari tu. Sasa ukucha ungeingia.

Watu wakaja na miavuli, na mifuko ya plastiki vichwani. Mama Kankolongo mwenye mguu mbovu akapewa kiti katikati, kwa heshima. Kazadi alikuja na ngoma. Mvua ilipiga mabati, ikabidi wasomaji wapige kelele. Muteba alisimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje. Mguu mmoja nje! Watu wamekuja kumlilia mke wake, na yeye ameshajipangia njia ya kukimbilia. Alihesabu vichwa mpaka thelathini na nane, akashindwa kuendelea.

Shirika lile lina desturi yake. Kabla ya kumwombea mgonjwa, mwenye kinyongo na nyumba ya mgonjwa anakitoa mbele ya wote, ili sala isikute mlango umefungwa. Kwa kawaida watu wanaangaliana, mmoja anakohoa, wanaendelea. Siku ile Mama Mbuyi alisimama, akatembea mpaka mlangoni, akapiga magoti mbele ya Muteba. Mwanamke wa miaka sabini.

"Tata Muteba, nakuomba musamaha mbele ya batu. Nilikuwazia mubaya. Nilisikia sauti chini ya sakafu yangu, miezi mingi, nikawaza we unachimba chini yetu. Nikaambia Mama Kankolongo. Nikaambia Kazadi. Nilikuharibisha jina, we mutoto wa rafiki wa bwana yangu! Na sasa bibi yako eko anatoka damu, na mi nawaza, pengine ni kinywa yangu ndiyo inamufunga." Alikuwa analia. "Unisamehe, mwana."

Watu wote wakamgeukia Muteba.

Haya sasa, Muteba. Mlango wa Mama Mbuyi ndio huo, na Mama Mbuyi mwenyewe yuko chini miguuni pako. Unataka Mungu akufungulie kwa namna gani tena?

"Musamehe, Tata," Kazadi akasema kwa upole. "Sema."

Na Muteba akafungua mdomo.

"Nimekusamehe, Mama," akasema.

Alisema hivyo! Alisema, na wote wakapiga makofi, na Mama Mbuyi akainuka akiufuta uso kwa kanga, mwepesi, mwenye furaha, akaanzisha wimbo wa shukrani. Kazadi akapiga ngoma. Wamama wakatoka kwenye mabenchi, wakaja katikati, wakaanza kucheza jinsi wanavyocheza siku zote, hatua mbele, hatua nyuma, nyayo zote kwa pamoja. Na Muteba akasikia kile ambacho mwashi pekee angekisikia. Sakafu ilikuwa inaitika. Chini ya ngoma ya Kazadi kulikuwa na ngoma nyingine, kubwa, yenye maji ndani. Glasi ya maua ilitembea mezani yenyewe.

"Tokeni!" akapiga kelele. "Tokeni inje!"

Hakuna aliyemsikia vizuri. Walimwona anatetemeka, machozi yanamtoka, mikono juu.

"Roho amemushukia!" Mama Kankolongo akapaza sauti. "Imbeni!"

Wakaimba kwa nguvu zaidi. Muteba akawapita katikati, akamnyang'anya Kazadi ngoma, akaitupa nje kwenye matope.

"Alisema kweli! Mama Mbuyi alisema kweli! Nilichimba! Shimo iko chini yenu, chini ya miguu yenu, haina kitu ya kuikamata! Tokeni, nawaomba, mutaniua kisha, lakini tokeni!"

Halafu ufa ukalia chini ya meza, wote wakausikia, na watu arobaini wakakumbuka kwamba mlango ni mmoja. Muteba alirusha wajukuu wawili dirishani, akapokea kikongwe mmoja akampitisha, akambeba Mama Kankolongo mgongoni huku yeye anampiga kichwani kwa ngumi na kumwita muuaji. Alirudi tena. Ndani alibaki Mama Mbuyi peke yake, amesimama kando ya meza, anaitazama sakafu aliyoipiga deki mchana. Akamshika mkono akamvuta kwa nguvu, bila adabu, mpaka nje.

Sakafu ilikwenda na meza kwanza. Halafu mabenchi, kitambaa cheupe, kinu cha sombe kilichokuwa pembeni. Maji yakapanda, meusi, na ukuta wa katikati ukainama polepole upande wa kumi na tano. Walihesabu watu uani, wakahesabu tena. Wote walikuwepo.

Ndipo Kazadi alipompiga. Wengine wakafuata, na Muteba hakuinua mkono kujikinga.

"Mumuache," Mama Mbuyi akasema.

Wakamwacha. Alimsogelea mpaka karibu kabisa, kanga imelowa, imemshika mwilini, anaonekana mdogo. Ule uso aliouogopa wiki tatu ulikuwa mbele yake, na haukuwa na hasira. Ulikuwa umeshangaa tu, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Nilikupigia magoti," akasema. "Nikakuomba musamaha. Na we ukanipa." Akakamua pindo la kanga. "Ukanipa, Tata."

Simu ikalia mfukoni mwake. Alikuwa mdogo wake Wivine, kutoka hospitali.

"Yaya Wivine anauliza, sala imeisha?"

Muteba akamtazama Mama Mbuyi. Mama Mbuyi akanyoosha mkono akaichukua simu.

"Damu iko namna gani? … Vilevile. Muambie asiamke. Muambie bwana yake alishasema kweli." Akatazama maji meusi. "Na sala hapana, haijaisha. Hatujaanza bado."

Akamrudishia simu bila kumtazama. Akageuka, akapiga magoti kwenye matope ya uani, mbele ya kilichokuwa nyumba yake, na wengine wakapiga mmoja mmoja, wakinung'unika, wakitetemeka, mvua inawapiga migongoni. Hakuna aliyemsogezea Muteba nafasi, na hakuna aliyemfukuza. Akapiga magoti nyuma ya wote, karibu na bomba. Mdomo ulikuwa umevimba. Wiki tatu sala yake ilianza na jina la mke wake. Jioni ile alianza na jina la Mama Mbuyi, na hapo hapo akashindwa kuendelea.